Silaha Mpya ya Radi

Jumamosi asubuhi Pia aliosha vyombo kama mtu anayefukuzwa. Sahani aliyokwisha kuisuuza aliisuuza tena, kikombe chenye povu akakirudisha kabatini, na muda wote mguu wake wa kulia ulikuwa unapigapiga sakafu ya jikoni.

"Wewe mtoto, umekanyaga siafu?" mama yake akamuuliza.

"Mama, leo tunacheza."

"Mnacheza mchana. Sasa hivi ni asubuhi, na hicho kikombe kina povu. Kitoe."

Pia halikuwa jina lake la shuleni. Baba yake ndiye aliyempachika jina hilo, na alikuwa na sababu mbili. Kwanza, binti huyo alizunguka kutwa kama pia ya kuchezea. Pili, kila alipopewa kitu alitaka na kingine: daftari la bluu, na jekundu pia, kujiunga na kwaya, na netiboli pia. Kwaya aliiacha kabla hajajua sauti yake ni ya kwanza au ya pili. Soksi aliyoanza kufuma iliishia kisiginoni, na mpaka leo imelala kwenye kikapu ikingoja vidole.

Kitu kimoja tu hakuwa amekiacha, nacho ni mchezo wa mashujaa. Waliucheza kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa, chini ya uangalizi wa shangazi yake aliyekuwa mkutubi pale. Watoto wote walimwita Shangazi, hata wasiokuwa na undugu naye.

Mchezo wenyewe haukuwa na mpira wala ubao. Kila mchezaji alimtunga shujaa wake, akamwandika kwenye karatasi: nguvu zake, udhaifu wake na silaha anazozijua. Shangazi alisimulia yaliyowakuta mashujaa, wachezaji wakasema mashujaa wao wanafanya nini, kisha dadu ikaamua kama wamefaulu. Shujaa aliyeshika silaha anayoijua alihesabiwa dadu kama ilivyoanguka. Aliyeshika silaha ngeni alipunguziwa alama, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mchana ule yaliharibika kweli. Mashujaa walikuwa wamekwama kwenye ukingo wa korongo. Upande wa pili alitua ndege mkubwa mwenye mabawa ya chuma, na daraja pekee lilikuwa la kamba. Radi, shujaa wa Pia, alijua rungu na kisu tu. Rungu gani litavuka korongo?

"Radi anaokota upinde wa yule mlinzi aliyekimbia," Pia akasema, ameshasimama kitini. "Anapiga!"

"Radi hajui upinde," akasema Kobe. Huyu alikuwa jirani yake, mvulana aliyeongea polepole na kufikiri polepole zaidi, lakini aliyekuwa na tabia ya kufika.

"Atajulia hapahapa!" Pia akarusha dadu. Ikaviringika, ikagonga kifutio, ikalala.

Shangazi akaitazama, akapunguza alama, akapumua. "Mshale umetoka vizuri sana. Umekata kamba ya daraja. Shujaa wa Kobe alikuwa juu yake."

Meza nzima ikalia "Aaa!" Kobe akafuta jasho la shujaa wake kwenye paji lake mwenyewe. Ilibidi msichana mwingine, aliyeitwa Wakili kwa kuwa hakuna kanuni aliyoikubali bila kuihoji, atumie zamu yake yote kumvuta Kobe atoke korongoni.

"Shangazi, mwandikie Radi upinde basi," Pia akasihi. "Si amepanda ngazi kwa alama alizokusanya? Shujaa akipanda ngazi anaruhusiwa silaha mpya."

"Anaruhusiwa kujifunza. Kanuni ya meza hii unaijua."

Kanuni waliijua wote. Shujaa hakupata silaha mpya kwa kulala na kuamka. Mchezaji mwenyewe alitakiwa kwanza ajifunze kazi mpya ya mikono, nje ya meza, kisha awaonyeshe wenzake. Kobe alijifunza kushona vifungo, shujaa wake akapata mkuki. Wakili alijifunza kupiga pasi shati la mikono mirefu bila kuliunguza, japo mashati mawili ya kaka yake yalitangulia mbele ya haki. Shujaa wake akapata upanga.

Pia akatazama nje ya dirisha. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha fundi baiskeli, mtu mrefu mwenye mikono na miguu myembamba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Spoki.

"Nitajifunza kuziba pancha," akasema. "Jumamosi ijayo mtaona."

Jumatatu baada ya masomo alikuwa kibandani. Fundi Spoki hakuwa mchoyo wa kazi yake. Alimwonyesha jinsi ya kujaza upepo kwenye mpira wa ndani na kuuzamisha kwenye beseni la maji mpaka viputo vitokee penye tundu. Akamwonyesha kuukausha, kupasugua kwa msasa, na kupaka gundi pale penye tundu na kwenye kiraka. Kisha akaviweka vyote chini, akaanza kupiga mluzi.

Pia akangoja. Akahamishia uzito mguu wa kushoto. Akahamishia wa kulia.

"Tunasubiri nini, Fundi?"

"Gundi."

"Gundi si ndiyo hiyo tumeshapaka? Tubandike basi!"

Fundi akacheka. "Gundi hii, mwanangu, ukiibandika ikiwa mbichi inakudanganya. Inashika ukiwa unaitazama. Ukigeuza shingo tu, imeachia. Iguse kwa mgongo wa kidole. Siku itakapoacha kukung'ang'ania, ndiyo ubandike."

"Siku?"

"Namna ya kusema. Ni muda mfupi tu."

Lakini muda mfupi wa Fundi Spoki kwa Pia ulikuwa kama mwaka wa njaa. Kule mbele wasichana walikuwa wanaruka kamba. Akaenda kuruka mara moja tu, na aliporudi Fundi alikuwa ameshamaliza na mwenye baiskeli ameshaondoka. Kesho yake alipewa mpira mkuukuu ajaribu peke yake. Akabandika gundi ikiwa mbichi, kiraka kikateleza kama samaki. Akabandika tena, kikabanduka tena. Siku iliyofuata hakwenda kabisa.

Ijumaa ikafika. Pia alipita kibandani mikono mitupu. Kwenye rundo la mipira chakavu akaona kipande chenye kiraka kilichokaa sawasawa, kingo zake zimelala kama ngozi.

"Fundi, naomba hiki."

"Chukua tu, hiyo taka. Niliuziba mwaka jana, sasa umeoza kwingine kote."

Jumamosi kipande kile kilikuwa juu ya meza ya maktaba.

"Kazi ya mikono yangu," Pia akasema, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Kobe akakivuta kiraka kwa nguvu. Hakikutikisika. "Dah! Pia, umeweza!"

"Gundi uliisubiri muda gani?" Wakili akauliza.

"Muda wa kutosha."

Shangazi alimtazama kidogo, kisha akachukua penseli akaandika kwenye karatasi ya Radi: upinde. Mchana huo Radi alimpiga ndege wa chuma kwenye kiungo cha bawa, na ndege akaporomokea korongoni. Wenzake wakapiga meza kwa furaha. Pia naye akapiga, lakini furaha haikumkaa. Alikaa, akasimama, akaenda kunywa maji bila kiu. Usiku huo na siku zilizofuata alijiambia ni mchezo tu. Nani ameumia? Hakuna. Kwa nini basi kila alipopita karibu na kibanda cha Fundi Spoki alivuka barabara?

Katikati ya wiki, alasiri, alikuwa uani anaanua nguo alipomwona Kobe anakuja mbio. Kumwona Kobe akikimbia kulitosha kuwa habari.

"Pia! Njoo nyumbani, mama amepata pancha!"

Mama yake Kobe alikuwa mkunga. Aliwafuata wajawazito majumbani kwao kwa baiskeli, begi lake la kazi limefungwa nyuma. Pia alipofika alimkuta ameshavaa viatu, baiskeli imelazwa chini, tairi la nyuma limelala kabisa.

"Kuna mama ameanza uchungu kule ng'ambo ya kilima," mkunga akasema haraka. "Kibanda cha Spoki kimefungwa, amekwenda kununua vipuri. Kobe ananiambia wewe fundi siku hizi. Ni kweli, mwanangu?"

Pia akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi.

"Ni kweli, mama," Kobe akamjibia. "Alituonyesha, tukaona kwa macho yetu. Kiraka hata mimi sikuweza kukibandua."

"Haya, Mungu akubariki. Vifaa hivi hapa, fanya upesi."

Ukweli ukarudi kooni, Pia akaumeza. Akatoa mpira, akauzamisha majini, akaliona tundu. Akausugua juujuu. Akapaka gundi. Mkunga alikuwa anatazama barabara. Upesi, amesema upesi! Akabandika kiraka, akakikandamiza kwa dole gumba, akarudisha tairi, akajaza upepo. Likasimama, gumu kama jiwe.

"Ahsante, bibi fundi," mkunga akasema, akapanda na kwenda zake.

Kobe alitabasamu mpaka masikioni. "Unaona? Nilimwambia mama asihofu."

Pia hakutabasamu. Alikuwa anaitazama baiskeli ikipungua barabarani, na masikioni mwake ilikuwa inasema sauti ya Fundi Spoki: inashika ukiwa unaitazama. Ghafla miguu yake ikamchukua kabla hajaamua. Akamwacha Kobe na neno mdomoni.

Alifika kibandani wakati Fundi Spoki ndiyo kwanza anashuka kwenye baiskeli yake ndefu, matairi mapya yamemning'inia begani.

"Fundi, nimeziba pancha ya mama Kobe. Anakwenda kuzalisha. Gundi sikuisubiri!" Akavuta pumzi. "Na kile kiraka ulichonipa, niliwaambia wenzangu nimekibandika mimi. Ndiyo maana ameniamini."

Fundi aliacha kutabasamu. Akashusha matairi chini. "Amepita njia ya kilima?"

"Ndiyo."

"Mteremko wa kule una mawe, hicho kiraka hakitafika. Kelele nyingine baadaye. Chukua hii yangu, mkimbilie. Kiti ni kirefu, endesha kwa kusimama."

Pia aliendesha kwa kusimama, magoti yakigonga usukani, kengele ikijilia yenyewe kila aliporuka shimo. Akapita soko, akapita shule, akapita mahali nyumba zinapoanza kuachana. Chini ya kilima akamwona. Mkunga alikuwa anatembea kwa miguu, anaisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, begi ameshalitia begani. Tairi la nyuma lilikuwa linaburuta kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

"Mama," Pia akasema akishuka, na machozi yakamtangulia. "Sikuwahi kujua kuziba pancha. Niliwadanganya. Kiraka kile kilikuwa cha Fundi Spoki. Chukua hii, ni yake, nzima."

Mkunga alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Pia zaidi.

"Shika hii yangu," akasema, akimkabidhi usukani. "Kama unataka kulia, lia ukitembea. Mimi kuna mtu ananisubiri." Akafunga begi, akapanda, akapotea juu ya kilima.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Baiskeli yenye pancha haikimbizwi, inasukumwa. Pia aliisukuma, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na kitu kingine cha kukimbilia. Nyumbani kwa Kobe aliiegemeza ukutani, akamweleza rafiki yake kila kitu bila kubakisha.

Kobe aliigeukia baiskeli, akaligusa tairi lililolala.

"Mimi ndiye niliyemwambia mama kwamba unajua," akasema. "Ulinifanya na mimi nimdanganye mama yangu."

Akaingia ndani, akamwacha Pia barazani. Pia angeweza kwenda kwao. Badala yake akakaa kwenye ngazi, mikono katikati ya magoti, akasubiri. Kusubiri kulimwasha mwili mzima. Kila baiskeli iliyotokea kwenye kona ilimwinua, na kila mara ilikuwa ya mtu mwingine.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama mkunga aliporudi. Alikuwa amechoka, lakini alikuwa anacheka peke yake.

"Amezaliwa binti," akasema. "Analia mpaka majirani wanauliza nani anauawa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, nikawahi kukitoa. Kuwahi kwenyewe kulikuwa kwa kubahatisha." Akamgeukia Pia. "Wewe bado uko hapa?"

"Nilikuwa nasubiri, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Umekosa, ukarudi mbio kulisema kosa lako wakati bado linasaidia. Wengi husema likiwa halisaidii tena. Lakini wenzako pale maktaba hawajalisikia."

Jumamosi Pia aliwaambia kabla dadu haijatoka mfukoni. Aliongea akiwa amesimama, akiitazama meza. Kisha akachukua kifutio, akafuta neno upinde kwenye karatasi ya Radi, akapuliza vumbi lake.

Wakili akakohoa. "Samahani, Shangazi. Kama Radi hakuwa anajua upinde, basi yule ndege wa chuma hajafa."

"Hajafa," Shangazi akakubali. "Amelala chini ya korongo, na amekasirika."

Wote wakaguna. Ushindi wao ulikuwa umefutwa pamoja na neno moja, na hakuna aliyemtazama Pia. Shangazi akaendelea kusimulia: Radi amebaki kwenye kambi ya wapiga upinde, anafundishwa kukaza kamba na kutuliza pumzi. Wenzake watashuka korongoni bila yeye. Michezo kadhaa Pia alikaa mezani bila zamu. Alisikiliza, akawaokotea dadu zilizoanguka chini, akajifunza kumbe Kobe alikuwa na mbinu nzuri kuliko zake, ila yeye mwenyewe hakuwahi kumpa Kobe nafasi ya kuzimaliza.

Kibandani nako alirudi. "Njia ya mwongo ni fupi," Fundi Spoki alimpokea. "Yako iliishia chini ya kilima. Haya, beba beseni." Hakumpa kiraka kwanza. Alimpa kazi ya kugusa gundi kwa mgongo wa kidole na kusema: bado, bado, bado, tayari. Wasichana waliruka kamba kule mbele, na miguu ya Pia ikacheza chini ya benchi, lakini yeye hakuondoka. Viraka vyake vya kwanza vilivuja. Vilivyofuata vilivuja kidogo. Halafu kikatokea kimoja ambacho Fundi alikivuta kwa koleo, kikakataa.

"Hiki," akasema, "ningekitia kwenye baiskeli yangu."

Haikupita muda mrefu mkunga akaja kibandani na tairi la mbele limelala. Fundi akainuka kuipokea baiskeli.

"Kaa, Spoki," mkunga akasema. "Leo namtaka huyu."

Kobe alikuwa amefuatana na mama yake. Akachuchumaa karibu, macho kwenye mikono ya Pia. Pia akalitafuta tundu, akasugua, akapaka gundi. Halafu akaweka kila kitu chini.

"Mbona umeacha?" Kobe akauliza.

"Bado mbichi."

Wakakaa. Mkunga akafungua kifungo cha juu cha koti lake, akaegemea ukuta. Hakuna aliyesema upesi. Pia akagusa gundi, bado. Akagusa tena, bado. Alipogusa mara nyingine kidole kikatoka kikavu, akabandika, akakandamiza toka katikati kwenda kingoni. Mkunga akapanda, akaenda zake kwenye kazi zake za siku nzima, na jioni tairi lilikuwa bado gumu.

Kobe ndiye aliyetoa ushahidi maktabani. "Nimeona kwa macho yangu," akasema, kisha akaongeza, "safari hii, kutoka mwanzo."

Shangazi akaandika upya kwenye karatasi ya Radi. Pia akachukua dadu. Ndege wa chuma alikuwa ametua kwenye mwamba, mabawa wazi, na mashujaa wawili wenzake Radi wamejeruhiwa. Akarusha. Dadu ikaviringika, ikasita, ikalala kwenye namba ndogo kuliko zote.

"Umemkosa," Shangazi akasema.

Wakili akashika kichwa. Kobe akaanza kucheka, na Pia, kwa mshangao wake mwenyewe, akacheka pia.

"Sasa nini faida ya kujua?" Wakili akahoji. "Zamani alipata kwa uongo, leo amekosa kwa ukweli!"

Shangazi akaweka penseli chini. "Ujuzi hauna ahadi ya kushinda kila mara, wanangu. Fundi hodari naye kiraka humtoka. Lakini ujuzi wa kweli una tofauti moja: wenzako wanajua wanaegemea nini. Anayejisifia asichokijua hajidanganyi peke yake. Amewapa watu ukuta wa karatasi, na siku watakayouegemea ndiyo siku wanayouhitaji. Jifunze kwanza, hata kama inachukua muda. Na kama hujui, sema sijui. Neno hilo halijawahi kumwangusha mtu kilimani."

Shangazi akasukuma dadu kuelekea kwa Kobe, ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Kobe akaishika kiganjani, akafikiri, akaendelea kufikiri. Pia akakunja mikono juu ya meza, akamwachia afikiri mpaka amalize.